"Expensive", "steep" au "rip-off"? Kuchagua neno la Kiingereza la kitu ghali ukiwa kazini Unguja

Wanaofanya kazi na wageni hapa Unguja, wauza vikoi wa mtaa wa Gizenga, wapokea wageni wa hoteli za Paje, manahodha wa Matemwe wanaopeleka watu Mnemba, wote husikia malalamiko ya bei kwa Kiingereza kutwa. Skuli tulifundishwa neno moja, "expensive", na wengi tumebaki nalo hilo hilo. Mgeni akilisema tunaelewa. Akisema "steep" tunakisia. Akisema "rip-off" wengine hucheka naye, kumbe katukanwa mtu.

Nimekaa na vijana wa maduka na hoteli muda mrefu nikiwasaidia Kiingereza cha kazini, na naona tabu yao si wingi wa maneno. Tabu ni kwamba kamusi ndogo huyapa yote maana moja, "ghali", mtu akadhani anaweza kuokota lolote akalitumia popote. Haiwi hivyo. Kila moja lina wa kumlaumu. Lipo linalozungumzia kitu chenyewe, lipo linalozungumzia bei, lipo linalozungumzia mfuko wa msemaji, na yapo yanayomnyooshea kidole muuzaji. Ukijua nani analaumiwa, unajua pia la kujibu. Kwa kigezo hicho ndivyo nitakavyoyalinganisha.

"Expensive" na "overpriced"

Hapa nitakaa sana, maana ndipo biashara nyingi zinapoharibika bila sababu.

"Expensive" husema kitu kinataka pesa nyingi, na inaishia hapo. Haisemi kama pesa hizo ni za haki au za dhuluma. Mkufu wa dhahabu ni "expensive" na hakuna aliyedhulumiwa. "Overpriced" ni habari nyingine: kitu kimepandishwa bei kupita thamani yake, na aliyekipandisha yupo, pengine ndiye unayesema naye. Neno la kwanza linapima pesa. La pili linapima pesa na thamani kwa pamoja, kisha linatoa hukumu.

Chukua meza za viungo pale Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904. Vanila ni "expensive", na muuzaji asione haya kulisema neno hilo. Ua la vanila hufunguka siku moja tu na kunyauka. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo mkulima hupita asubuhi na kijiti chembamba, ua moja baada ya jingine, akaunganisha dume na jike kwa mkono. Ujuzi huo wa kutumia kijiti na kidole aliugundua mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12. Baada ya hapo tunda hukaa kwenye mmea karibu miezi tisa kabla ya kuvunwa, na likivunwa bado halinukii. Hutaka miezi mingine ya kulowekwa maji ya moto, kufunikwa, kuanikwa na kukaushwa polepole mpaka liwe jeusi, laini, lenye kung'aa kwa mafuta yake. Mgeni akisema "Vanilla is expensive!" jibu zuri ni kukubali na kumweleza: "Yes, it is. Every flower is pollinated by hand." Hujajitetea, umemfundisha, na mara nyingi atanunua.

Sasa tazama vipakiti vya nyuzi nyekundu vilivyoandikwa "saffron" kwenye meza hizo hizo. Zafarani ya kweli haioti Zanzibar. Kila ua la zafarani lina nyuzi tatu tu, na gramu moja hutaka maua kama 150. Kwa hiyo pakiti iliyojaa inayouzwa kwa bei ya biskuti haiwezi kuwa zafarani; mara nyingi ni maua ya mmea mwingine yaliyokaushwa yanayofanana nayo kwa rangi. Bei yake ni ndogo, hakuna atakayeiita "expensive". Lakini mgeni aliyeijua atasema "It's overpriced", na atakuwa na haki, kwa sababu hata hizo shilingi chache zimezidi thamani ya kile kilichomo ndani. Hapo ndipo mtu anaona wazi kwamba "overpriced" haina uhusiano na ukubwa wa pesa. Chupa ya maji ya hoteli inayouzwa mara kadhaa ya bei ya duka la mtaani ni "overpriced" ingawa pesa yake haifiki hata robo ya bei ya kofia ya mgeni mwenyewe.

Basi mgeni akisema "expensive", eleza kazi iliyoingia katika kitu. Akisema "overpriced", maelezo ya kazi hayatoshi. Anataka ushahidi kwamba thamani ipo, au anataka ushushe.

Kuna kosa dogo la sarufi linaloigeuza "expensive" kuwa lawama, nalo ni kutumia "too" badala ya "very". Kwetu "ghali sana" hubeba maana zote mbili, ya wingi na ya kupita kiasi. Kiingereza kinazitenga. "Very expensive" ni ghali sana. "Too expensive" ni ghali mpaka haifai kununuliwa. Nimeshuhudia kwenye meza ya viungo kijana akimwambia mgeni kwa furaha kabisa, "Madam, this vanilla is too expensive." Mgeni akaitazama ile chupa ndogo, akatabasamu, akairudisha mezani taratibu na kuondoka.

Mwenye meza, mama wa makamo, akamuuliza, "Umemwambia nini mgeni, mbona kairudisha?"

"Nimemwambia vanila ghali sana, mama. Ili ajue ni kitu cha maana."

"Basi yeye kasikia usimuuzie."

Mama yule hakusoma Kiingereza darasani, lakini amesimama na wageni miaka, na alishajua "too" inafukuza wateja.

Kosa la pili ni "the price is expensive". Kitu ndicho huwa "expensive"; bei huwa "high". Sema "The box is expensive" au "The price is high". Mgeni atakuelewa hata ukikosea, ila kwenye barua pepe ya kampuni au tovuti ya hoteli kosa hili huonekana upesi na kukupunguzia heshima.

"Steep", "pricey" na "dear"

Haya matatu ni ya mazungumzo, na yote hulaumu bei kwa upole kuliko kumlaumu mtu.

"Steep" asili yake ni mlima au ngazi zenye mpando mkali. Ikisemwa juu ya bei, maana yake bei imepanda kuliko ilivyotarajiwa. Waingereza huipenda, na hupenda kuitanguliza kwa "a bit". Hapo kuna mtego. Mgeni anashika sanduku la njumu, anapitisha kidole juu ya misumari ya shaba, anafungua kidroo cha siri kilichomo ndani, anakifunga tena, kisha anasema, "It's lovely, but it's a bit steep." Kijana anasikia "a bit", anadhani ni kidogo tu, anapunguza elfu tano. Mgeni anaaga. Kwa Mwingereza wa desturi hiyo, "a bit steep" ni njia ya adabu ya kusema bei hii sitoilipa. Hapo usikate vijisenti. Ama shusha kwa kiasi kinachoonekana, ama mwoneshe sanduku dogo zaidi.

Neno hilo hilo utalisikia wageni wakizungumzia ada za serikali. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kulipa bima ya lazima ya dola 44, na dereva anayewachukua wageni uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hulisikia "steep" kabla gari haijafika Kiembesamaki. Hakulaumu wewe. Usijitetee, usiitetee bei wala usiiponde. Mweleze tu bima hiyo ni ya nini na yaishe.

"Pricey" ni nyepesi zaidi ya "expensive" na haina ukali wa "overpriced". Watu huitumia sana kuandika maoni ya hoteli na mikahawa mitandaoni: "a little pricey". Usiitumie katika barua rasmi au orodha ya bei. Ni neno la kuongea.

"Dear" linataka uangalifu. Kwa maana ya ghali, ni neno la Uingereza na Ireland, na zaidi utalisikia kwa watu wazima wa huko. Mmarekani hatalisema. Lakini "dear" pia ni mpendwa, na mama wa Kiingereza anaweza kumwita msichana wa mapokezi "dear" kwa upole wake. "Thank you, dear" ni shukrani. "That's rather dear" ni malalamiko ya bei. Msikilize anamalizia na nini. Kitu cha kufurahisha ni kwamba maana hizi mbili zimekaa nyumba moja katika lugha nyingi za wageni wetu: Mtaliano wa Kiwengwa husema "caro" kwa kitu ghali na kwa rafiki mpenzi, Mfaransa husema "cher", Mpolandi husema "drogi". Na neno letu ghali tulilolitoa Uarabuni huko kwao hubeba kitu cha bei na mtu wa moyoni pia. Kwa sababu hiyo, Mtaliano au Mpolandi anayezungumza Kiingereza cha kujifunza anaweza kukuambia "dear" pale Mwingereza kijana angesema "expensive". Hajakosea sana, na wewe usimcheke.

Kwa kazi ya kila siku, ushauri wangu ni huu: yaelewe yote matatu yakisemwa, lakini ukizungumza wewe baki na "expensive". Wageni wengi wa fukwe zetu, Wataliano, Wajerumani, Wapolandi, Wafaransa, nao wamejifunza Kiingereza kama sisi. Neno la wazi linawasaidia nyote.

"Costly" si dada wa "expensive"

Kamusi zitakwambia ni sawa. Ukisikiliza Kiingereza kinavyotumika utaona "costly" hupenda kukaa na mambo kuliko vitu: kosa, ucheleweshaji, kesi, matengenezo. "A costly mistake" ni kosa lililogharimu, na gharama yenyewe inaweza kuwa pesa, muda, au hata roho ya mtu. Kampuni ya matembezi ikichelewesha wageni wakaikosa boti ya Dar, wakakosa na ndege yao, hilo ni "a costly delay". Hakuna atakayesema "an expensive delay" isipokuwa anazungumzia bili peke yake. Ukiandika ripoti kwa bosi au kwa kampuni ya nje juu ya jambo lililoharibika, "costly" ndilo neno la mtu mzima. Dukani huna haja nalo.

Na kwa kuwa tumeitaja gharama: kitenzi "cost" hakibadiliki kikienda wakati uliopita. "It cost me two hundred dollars yesterday." Hakuna "costed" kwa maana hiyo.

Yanayomnyooshea kidole muuzaji

Sasa tumefika kwenye maneno yanayouma. Mgeni akitumia mojawapo ya haya, hazungumzii tena kitu wala bei. Anakuzungumzia wewe.

"Rip-off" ndilo linalosikika zaidi. Lilitoka kwenye mazungumzo ya mitaani ya Marekani katika karne ya 20, ambako "to rip off" ilikuwa kuiba, na maana hiyo ya wizi haijaondoka. "This is a rip-off" maana yake hapa pana wizi. "I was ripped off" ni nimeibiwa, nimepigwa. Usilicheke, na muhimu zaidi usilitumie wewe kwa mzaha. Nimewasikia vijana wa ufukweni, wale tunaowaita papasi, wakiwaambia wageni "No rip-off, my friend!" kwa nia ya kuwatuliza. Mgeni aliyekuwa hafikirii wizi sasa anaufikiria. Badala yake sema "fair price", bei ya haki, na uiache hapo. Jua pia kwamba "rip-off" hutumika kwa kitu kilichoigwa, kama fulana yenye nembo ya bandia. Ukilisikia, tazama mgeni ameshika nini kabla ya kujibu.

"Daylight robbery" ni la Kiingereza cha Uingereza, na sisi hatuhitaji kufafanuliwa, maana nasi tuna wizi wa mchana kweupe. Mmarekani husema "highway robbery", ujambazi wa barabarani. Ipo hadithi inayopendwa sana: mwaka 1696 Uingereza ilianza kutoza kodi ya madirisha, watu wakaziba madirisha yao kwa matofali ili wasilipe, na kodi ikafutwa mwaka 1851, ndipo, wanasema, serikali ikaitwa mwizi wa mwanga wa mchana. Kodi ilikuwepo kweli, na nyumba zenye madirisha yaliyozibwa zipo hadi leo. Ila msemo wenyewe unaonekana kwenye maandishi muda mrefu baada ya kodi hiyo kufutwa, kwa hiyo mtembeza wageni akiisimulia aisimulie kama hadithi, si kama historia. Kwa uzito, msemo huu mara nyingi husemwa kwa kutia chumvi, mtu akiwa anacheka kidogo. "Rip-off" huwa kavu zaidi. Mwangalie uso: akitabasamu, mpo katika kupatana bei, asipotabasamu, mwite mwenye duka.

Ukija kwenye maandishi rasmi kuna jozi inayowachanganya hata walimu: "exorbitant" na "extortionate". Yote ni bei iliyopita mipaka. Tofauti iko kwenye mizizi yake ya Kilatini, na mizizi hiyo bado inafanya kazi. "Exorbitant" inatokana na kutoka nje ya njia ya magurudumu: bei imeacha barabara, imekwenda porini. Inaituhumu bei. "Extortionate" inatokana na kukamua kwa kusokota, asili moja na maneno ya Kiingereza ya mateso, na ndugu yake "extortion" ni kosa la jinai, kumnyang'anya mtu kwa vitisho. Inamtuhumu mtozaji.

Basi mwenye hoteli ndogo ya Jambiani aliyeletewa bili ya kutisha ya kutengeneza jenereta, na fundi ni kampuni ya nje anayotaka kuendelea nayo, aandike "We find this charge exorbitant", na hata hapo amekuwa mkali. Akiandika "extortionate" amewaita wanyang'anyi, na barua ya pili itatoka kwa mwanasheria. Mimi ningemshauri aanze na laini zaidi: "The invoice is considerably higher than we expected." Sentensi hiyo hailaumu mtu, inaomba maelezo, na inamwachia nafasi ya kupanda ngazi baadaye akihitaji. Biashara haigombi, na ugomvi wa maandishi haufutiki.

La mwisho katika kundi hili ni "price gouging". Hili lina maana finyu: kupandisha bei kwa sababu watu wamebanwa na hawana pa kwenda. Bahari ikichafuka, boti zikasitishwa, na teksi na vyumba karibu na bandari vikapanda bei jioni ile ile, hiyo ndiyo "price gouging". Kwetu ni ulanguzi, neno tunalolijua vizuri kila Ramadhani ndizi na mihogo vinapopanda. Usilichanganye na bei za msimu. Hoteli inayotoza zaidi Julai, Agosti na Desemba kuliko wakati wa masika haijafanya ulanguzi. Hiyo ni "high season rate", na mgeni anayelalamika aelezwe kwamba bei ilikuwa wazi kabla hajaweka nafasi. Tofauti ni kama alijua mapema na alikuwa na hiari.

Misemo ya viungo vya mwili, bomu na dunia

Wageni hupenda kusema kitu kimewagharimu "an arm and a leg", mkono na mguu. Au wamelipa "through the nose", kupitia puani. Au kimegharimu "a fortune", utajiri mzima, au "the earth", dunia. Yote ni kutia chumvi na hayana ukali wa tuhuma. Mtandaoni utakuta maelezo ya asili yake: wachoraji wa zamani waliotoza zaidi kwa kuchora mikono na miguu, kodi ya pua, na kadhalika. Hayo hayana ushahidi, tuyaache.

Tofauti ya kutumia ni ndogo lakini ipo. "It cost an arm and a leg" inazungumzia kitu. "I paid through the nose" inazungumzia mlipaji, na ndani yake kuna majuto: angeweza kulipa kidogo kama angejua. Mgeni akikuambia amelipa "through the nose" kwa teksi ya kutoka uwanjani, anakuambia amepigwa bei, na pengine anatafuta dereva mwaminifu wa kumrudisha. Sikiliza kama mfanyabiashara.

Mmoja tu nakataza. Waingereza husema "It cost a bomb", imegharimu sana. Ukiusikia uelewe, ila usiuseme kamwe uwanja wa ndege, bandarini, wala ndani ya gari lenye wageni wa mataifa mbalimbali. Asiyeujua msemo huo atasikia neno moja tu.

"Priceless" na "worthless"

Hili ni kosa linaloweza kukuvunjia heshima mara moja. Kipande cha mwisho "-less" maana yake bila. Kijana akafanya hesabu yake: "price" ni bei, "priceless" ni bila bei, basi ni bure au haina maana. Sivyo. "Priceless" ni kitu chenye thamani kubwa mno mpaka haiwezekani kukipangia bei. "Worthless" ndicho kisicho na thamani. "Invaluable" nayo inaonekana kama inakanusha "valuable", kumbe inaizidi: ni chenye thamani isiyopimika. Mgeni akimwandikia mtembeza wageni wake "Your help was invaluable", amempa sifa ya juu kabisa, na kijana asinune.

Muuza masanduku akitaka kumwambia mgeni kwamba sanduku la zamani la bibi yake si la kuuzwa, aseme "This one is priceless to our family." Lile lililotengenezwa mwaka huu aseme "valuable" kama mbao na shaba zake ni nzuri, asiseme "priceless", kwa maana ana bei yake kichwani na mgeni anajua.

Na ukigeuka upande wa bei nafuu

Tumezungumza sana juu ya ghali, lakini mwenye duka hulazimika pia kusema kinyume chake, na hapo neno tunalolikimbilia ndilo baya kuliko yote: "cheap". Ukipita Gizenga jioni utasikia "Cheap! Cheap price! Come and look!" Mgeni anasikia bei ndogo, na anasikia pia kitu duni, kitakachochanika kabla hajafika kwao. Mtu akiitwa "cheap" ni bahili. Kikoi kilichofumwa vizuri hakistahili neno hilo. "Affordable" ni bora, maana linazungumzia mfuko wa mnunuzi. "Reasonable" ni bora zaidi, kwa kuwa linasema bei ni ya akili na haki. "Good value" ndilo ninalolipenda: linaunganisha bei na thamani, na ndiyo dawa ya moja kwa moja ya "overpriced".

Vivyo hivyo "last price". Kwetu "bei ya mwisho" haina tabu, lakini kwa mgeni "last price" inaweza kusikika kama kumfungia mlango. "My best price" inasema kitu kile kile huku ikimpa mgeni hisia kwamba amefanyiwa wema.

Mgeni akikwambia "I can't afford it" au "It's out of my budget", hapo halaumiwi mtu yeyote isipokuwa mfuko wake. Usipigane na sentensi hiyo wala usimwambie Mzungu hakosi pesa. Wapo wanaokusanya mwaka mzima ili waje. Mwulize kiasi alichonacho kwa upole, "What is your budget?", kisha mletee kitu kinacholingana nacho: kikapu kidogo cha ukindu, pakiti ya mdalasini, kanga moja badala ya doti.

Na ukikaa kusoma maoni ya wageni juu ya duka au hoteli yako, usiyahesabu yote yenye neno la ghali kuwa mabaya. "Overpriced" lifanyie kazi siku hiyo hiyo. "Rip-off" mtafute aliyeiandika umwandikie, na umwulize mfanyakazi aliyekuwepo zamu hiyo kilichotokea. Lakini "pricey, but worth it" ni mgeni anayewaambia wenzake walipe bei yako. Hiyo ichape, uibandike ukutani karibu na meza ya kulipia.